Namna ya Kuuliza Watu Maswali Ili Waseme Kweli

Si jambo geni siku hizi kusikia hodi mlangoni, iwe ni katika kambi ya jeshi au katika nyumba za polisi, na ukifungua unamkuta kijana mwenye fomu au kishikwambi mkononi. Atauliza mko wangapi hapa, maji mnayateka wapi, watoto wamechanjwa au hawakuchanjwa, nani anasoma na nani ameacha shule. Katika sensa ya Uganda ya mwezi wa Mei 2024 makarani walitumia vishikwambi badala ya makaratasi, na hesabu iliyopatikana ilikuwa watu milioni 45.9. Kwa majibu ya namna hiyo serikali huamua kisima kichimbwe wapi, shule iongezewe madarasa mangapi, na zahanati ipelekewe dawa kiasi gani. Wengi hudhani kwamba kazi ngumu katika shughuli hiyo ni kuzunguka nyumba kwa nyumba juani. Kuzunguka kuna taabu yake, lakini kazi ngumu zaidi hufanyika kabla ya hapo, mezani, pale mtu anapokaa na kalamu kutunga maswali yenyewe.

Sisi tuliopitia chuo cha ualimu tulifundishwa kutunga maswali ya mtihani, na huenda tukafikiri kuwa hojaji ni mtihani wa aina nyingine. Sivyo. Mwalimu huuliza jambo ambalo jibu lake analijua tayari. Akitunga swali bovu, ataligundua siku ya kusahihisha, maana darasa zima litakosa. Mtafiti huuliza jambo asilolijua. Swali lake likiwa bovu, fomu zitarudi zimejazwa vizuri, hesabu zitajumlishwa, asilimia zitapatikana, na hakuna atakayetambua kwamba hesabu hizo hazina ukweli. Watu watachimbiwa kisima wasichokihitaji, na waliokosa maji wataendelea kukosa.

Mfano ulio bora kabisa wa kazi hii, na unaowahusu askari zaidi kuliko mwingine wowote ninaoufahamu, unatoka katika jeshi la Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwezi wa Desemba 1941, siku moja tu baada ya Wajapani kushambulia Pearl Harbor, watafiti wa jeshi hilo walianza kuwauliza maswali askari wa Divisheni ya 9 katika kambi ya Fort Bragg, jimbo la North Carolina. Kiongozi wa watafiti hao alikuwa Samuel Stouffer, mwalimu wa elimu ya jamii kutoka Chuo Kikuu cha Chicago. Mpaka vita vilipokwisha walikuwa wamekwisha kuwauliza askari zaidi ya nusu milioni, kwa kutumia hojaji zaidi ya 200 zilizokuwa mbalimbali. Matokeo yalichapishwa mwaka 1949, na mpaka leo yanasomwa vyuoni.

Wakubwa wengi wa jeshi hawakulipenda jambo hilo hapo mwanzo. Askari, walisema, huamriwa. Haulizwi maoni yake. Stouffer na wenzake walilazimika kutafuta njia ya kumfanya askari wa cheo cha chini aseme kweli bila kuogopa, na njia waliyoipata inafaa kujifunza neno kwa neno. Askari walikusanywa kwa makundi katika ukumbi, kila mmoja akapewa fomu na penseli. Hawakutakiwa kuandika majina wala namba zao. Maofisa wao hawakuwamo ukumbini. Aliyesimamia kazi alikuwa askari wa kawaida kama wao, wala si mtu mwenye nyota begani. Wale wasiojua kusoma waliitwa kando wakaulizwa kwa mdomo, mmoja mmoja. Jeshi hilo wakati ule lilikuwa bado likiwatenga askari weusi na weupe, na watafiti waligundua kwamba askari mweusi akiulizwa na mzungu hutoa majibu yaliyotofautiana na yale anayoyatoa akiulizwa na mweusi mwenzake. Basi wakaamua kuwatumia wasimamizi weusi katika vikosi vya weusi. Fikiria mambo hayo kwa makini: swali ni lile lile, maneno ni yale yale, lakini sura ya muulizaji peke yake inatosha kugeuza jibu.

Mojawapo ya maswali yao lilihusu kupandishwa cheo. Waliwauliza askari kama wanaona kuwa mtu mwenye uwezo ana nafasi nzuri ya kupanda. Ungetazamia kwamba askari wa jeshi la anga, ambamo vyeo vilikuwa vikitolewa kwa wingi, wangeridhika. Na polisi wa jeshi, ambao kupanda kwao kulikuwa kwa taabu, wangenung'unika. Matokeo yakawa kinyume. Polisi wa jeshi ndio walioridhika zaidi. Sababu waliyoieleza watafiti ni kwamba mtu hujilinganisha na wale walio karibu naye. Katika kikosi ambacho wengi hupanda, aliyebaki nyuma huona ameonewa; katika kikosi ambacho wachache hupanda, aliyebaki hujiona yuko pamoja na wenzake, na aliyepata utepe mmoja hushukuru.

Kwa mtunga maswali somo lililomo humo ni kubwa. Ukiuliza mtu anavyoona, utapata anavyoona, basi. Usichukue jibu hilo ukalitangaza kuwa ndiyo hali yenyewe ilivyo. Anayetaka kujua hali ya vyeo katika kikosi aulize maswali mawili mbalimbali: la kwanza, umepandishwa cheo mara ngapi tangu uandikishwe, na mwaka gani, la pili, unaonaje nafasi yako ya kupanda. Vivyo hivyo kwa maji, posho na nyumba. Mama anayesema maji yanatosha huenda ametoka mahali ambapo alikuwa akitembea saa mbili kuyafuata.

Swali jingine la watafiti hao lilihusu hofu. Askari gani atakiri mbele ya watu kwamba aliogopa? Hawakumwuliza kama yeye ni mwoga. Walimpa orodha ya mambo yanayoupata mwili wakati wa hatari, kama vile moyo kwenda mbio, tumbo kushuka, mwili kutetemeka, jasho baridi, hata kushindwa kujizuia haja, wakamwomba aseme ni yapi yaliyompata yeye vitani. Wengi walikubali kwamba moyo uliwadunda kwa nguvu, na wachache zaidi wakakubali yale mazito. Kwa kuwa maswali yalitaja mambo ya mwili na wala hayakutaja tabia ya mtu, askari aliweza kujibu bila kujivunjia heshima. Mimi naona huu ni ustadi wa hali ya juu kuliko hesabu zote walizozipiga baadaye.

Ustadi kama huo hutumika siku hizi katika uchunguzi wa afya ya jamii unaofanywa katika nchi nyingi. Hapa Uganda wa kwanza wa namna hiyo ulifanyika mwaka 1988 na 1989, na umerudiwa mara kadhaa. Hojaji hizo zinapogusa ugomvi wa ndani ya nyumba, mwanamke haulizwi kama anadhulumiwa na mumewe. Neno dhuluma ni zito, na kila mtu ana kipimo chake. Mwingine akipigwa kofi husema hayo ni mambo ya kawaida ya ndoa. Huulizwa tendo moja moja: amewahi kukusukuma, amewahi kukupiga kofi, amewahi kukukaba. Tena huchaguliwa mwanamke mmoja tu katika nyumba moja, asije mwenzake akajua alichoulizwa, na ikiwa hakuna mahali pa faragha maswali hayo hurukwa kabisa. Katika nyumba zetu za kambini, ambazo ukuta wa huku ndio ukuta wa kule, sharti hilo la faragha si la kupuuzwa. Jibu lililosikika kwa jirani laweza kumletea mtu balaa usiku ule ule.

Sasa natugeukie lugha. Kiswahili kimekuwa lugha ya askari wa nchi hii tangu enzi za ukoloni, na fomu zinazoletwa kambini mara nyingi huwa zimetungwa kwa Kiingereza kisha zikafasiriwa kwa haraka. Hapo ndipo matatizo yanapoanza, na baadhi yake hayawezi kuonekana na mtu asiyeishi ndani ya lugha.

Chukua maswali ya kukanusha. Karani anauliza, "Mtoto hakupata chanjo ya surua?" Mama anajibu, "Ndiyo." Kwa Kiswahili sanifu mama huyo amekubali maneno ya muulizaji, yaani mtoto hakupata. Karani aliyezoea Kiingereza huenda akaandika kuwa amepata. Fomu mia zikijazwa hivyo, tarafa nzima itaonekana imechanjwa. Dawa yake ni nyepesi: usiulize kwa kukanusha hata mara moja. Uliza, "Mtoto amechanjwa surua, au bado?"

Neno "ndugu" nalo ni mtego. Ukimwuliza askari ana ndugu wangapi, mmoja atahesabu waliozaliwa na mama yake, mwingine ataingiza watoto wa baba mkubwa na mama mdogo, na mwingine atacheka akuulize kama unataka na wale wa ukoo mzima. Ikiwa unachotaka ni waliozaliwa tumbo moja, sema hivyo hivyo. Neno "homa" wengine hulitumia kwa joto la mwili, wengine kwa malaria, na wengine kwa ugonjwa wowote ule. Saa ndiyo usiseme. Fomu ya Kiingereza imeandikwa saba asubuhi, mfasiri naye akaandika "saa saba asubuhi", saa isiyokuwako duniani. Mhojiwa anachagua mwenyewe kama ni saa moja au ni saa saba mchana.

Lakini neno ambalo limewadhulumu watu wengi kuliko yote ni "kazi". Mwulize mke wa askari kama anafanya kazi, atakujibu, "Mimi sina kazi, niko nyumbani tu." Mtu huyo huyo ameamka saa kumi na moja, amelima bustani ya mboga nyuma ya nyumba, ameuza mandazi langoni, na jioni atashona sare za shule za watoto wa jirani kwa malipo. Yeye anaelewa kazi kuwa ni ajira ya mshahara. Kwa hiyo hojaji nzuri haziishii kwenye swali moja. Humkumbusha kwamba kuna akina mama wanaouza vitu, wanaofanya biashara ndogo, au wanaolima shamba la nyumbani, kisha humwuliza kama katika siku 7 zilizopita amefanya lolote katika hayo. Mwaka 2013 wataalamu wa takwimu za kazi wa mataifa walikutana Geneva wakakubaliana kwamba kulima chakula cha nyumba yako, kuteka maji na kulea ni kazi inayostahili kupimwa, ingawa haihesabiwi kuwa ni ajira. Ilichukua muda mrefu mno kufika hapo.

Lipo kosa jingine linaloonekana katika fomu karibu zote zinazotungwa kwa haraka, nalo ni kutia mambo mawili katika swali moja. "Je, mnapata maji na umeme wa kutosha?" Mwenye maji asiye na umeme ajibu nini? Nimewahi kuona fomu ya ofisi moja, ambayo sitaitaja, iliyouliza kama mhojiwa anaridhika na mshahara, nyumba na uongozi, na ikaacha nafasi ya kutia alama moja tu. Sijui waliyafanyia nini majibu yale. Pia tazama viwango vya fedha: ukiandika shilingi 100,000 hadi 200,000, na chini yake 200,000 hadi 300,000, mwenye 200,000 kamili atajiweka popote atakapo.

Muda nao lazima uwekewe mipaka. Maneno kama "mara kwa mara" na "hivi karibuni" hayana kipimo. Kwa askari aliyerudi kutoka operesheni ya miezi tisa, "hivi karibuni" ni kabla hajaondoka; kwa mkewe ni juzi. Katika uchunguzi wa afya, mama huulizwa kama mtoto ameharisha katika wiki 2 zilizopita, kwa sababu zaidi ya hapo kumbukumbu huchanganyika. Kwa mambo ya zamani zaidi ni vizuri kushika tukio ambalo kila mtu analijua: kabla ya Krismasi au baada yake, kabla ya Idi, kabla ya mshahara wa mwezi uliopita kutoka. Makarani wa sensa walitumia njia hiyo kukadiria umri wa wazee wasio na vyeti, wakiuliza kama mtu alikuwa amekwisha oa au bado ni mtoto wakati wa vita vya 1979.

Je, neno moja linaweza kubadili hesabu kiasi gani? Mwaka 1941 Donald Rugg wa Marekani alichapisha jaribio ambalo watu wa kundi moja waliulizwa kama nchi iruhusu hotuba za hadhara za kupinga demokrasia, na wa kundi la pili wakaulizwa kama nchi izipige marufuku hotuba hizo. Katika kundi la kwanza asilimia 62 walisema zisiruhusiwe. Katika la pili waliosema zipigwe marufuku walikuwa asilimia 46 tu. Kutoruhusu na kupiga marufuku ni jambo moja kwa mwanasheria, lakini sikioni mwa mtu wa kawaida "marufuku" ni neno lenye rungu.

Mpangilio wa maswali una nguvu vilevile. Mwaka 1948 Wamarekani waliulizwa kama waandishi wa habari wa kikomunisti waruhusiwe kuingia Marekani na kupeleka kwao habari kama wanavyoziona. Walioulizwa swali hilo kwanza walikubali kwa asilimia 36. Wengine waliulizwa kwanza kama waandishi wa Kimarekani wapewe ruhusa ya namna hiyo huko Urusi. Wakishasema ndiyo, waliona haya kuwanyima wenzao, na asilimia ikapanda hadi 73. Kwa hiyo ukitaka kujua askari wanaonaje posho, usiwaulize kwanza maswali sita juu ya uhodari wa jeshi na uzalendo. Watakujibu kizalendo, na njaa itabaki palepale.

Kuhusu siri, watu wa hesabu wamevumbua njia ya ajabu. Stanley Warner aliieleza kwa mara ya kwanza mwaka 1965, na tangu hapo imepata sura nyingi. Iliyo rahisi hutumia sarafu. Tuseme tunataka kujua ni askari wangapi wamekopa kwa wale wakopeshaji wa riba kubwa wanaoshikilia kadi za benki za watu, jambo ambalo wengi huliona aibu. Kila mtu anarusha sarafu yake kwa siri. Ikiangukia upande wa kichwa, anasema "ndiyo" bila kujali ukweli. Ikiangukia upande wa pili, anasema kweli. Hakuna awezaye kujua "ndiyo" ya fulani ni ya sarafu au ni ya deni. Lakini kwa jumla hesabu hujulikana: katika watu 100, yapata 50 watasema ndiyo kwa ajili ya sarafu tu. Tukipata ndiyo 62, basi zile 12 za ziada zimetoka kwa wale 50 waliosema kweli, yaani kama 24 katika kila 100. Njia hii hutaka watu wengi, kwa sababu sarafu haigawanyi sawasawa kila mara, na hutaka msimamizi mwenye subira ya kuieleza vizuri. Askari hodari wa karata huielewa upesi.

Fomu ikishatungwa isipigwe chapa kwa maelfu siku ileile. Ipelekwe kwanza kwa watu ishirini au thelathini wa namna moja na wale watakaoulizwa, kila mmoja aombwe kulirudia swali kwa maneno yake mwenyewe. Hapo utashangaa. Ikiwa imefasiriwa, apewe mtu mwingine ambaye hajaiona ya Kiingereza, airudishe katika Kiingereza, kisha zile mbili zilinganishwe. Kazi hiyo ni ya siku chache tu.

Nanyi mnaobishiwa hodi mna haki zenu. Muulize kijana ametoka ofisi gani na majibu yatakwenda wapi. Sheria ya mwaka 1998 iliyounda Ofisi ya Takwimu ya Uganda inakataza kutoa habari za mtu mmoja mmoja kwa wengine, nanyi mnaweza kumkumbusha. Swali usilolielewa, mwombe alirudie. Usichokijua, sema hujui. Ikiwa fomu haina nafasi ya "sijui", kosa ni la aliyeitunga. Na ikiwa anataka kumwuliza mkeo mambo ya uzazi au afya, wewe bwana wa nyumba toka nje ukaongee na jirani kwa muda.

Neno la mwisho ni kwa wale wanaopewa kazi ya kutunga. Acheni nafasi tupu mwishoni mwa fomu, mtu aandike lolote alilo nalo. Kikundi cha Stouffer kilifanya hivyo, na askari waliandika juu ya chakula kibovu, maofisa wakali, barua zilizochelewa, na watoto wao waliozaliwa wakiwa mbali. Mwaka 1944 waliulizwa pia ni nani wastahili kurudishwa nyumbani kwanza vita vikiisha, na kutokana na majibu yao jeshi likaweka utaratibu wa pointi: 1 kwa kila mwezi wa utumishi, 1 zaidi kwa kila mwezi wa ng'ambo, 5 kwa kila nishani au vita alivyopigana, na 12 kwa kila mtoto, hadi watoto watatu. Mwezi wa Mei 1945 mwenye pointi 85 alianza kufunga mizigo. Yale maandishi yao ya mkono, kurasa kama 65,000, yalihifadhiwa, na miaka ya karibuni watu wa kujitolea wameyanakili moja baada ya jingine ili yeyote anayetaka ayasome.